Mlaze Kwanza, Ndipo Umvike Maski

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, keki na saa ya ukutani. Kitenge nimekishona. Keki wajukuu waliimaliza kabla sijavua viatu. Saa nimeitundika jikoni hapa mtaani kwetu Soweto, chini ya mlima, na kila nikiitazama nacheka peke yangu: mtu ametumia miaka yake kulaza watu, wenzake wanamzawadia kitu cha kumwamsha. Hata hivyo ahsanteni. Tulipoagana pale getini mliniomba niwaandikie jinsi ya kumvika mgonjwa maski ya usingizi ili asiivue na kuitupa chini ya kitanda. Vitabu vya mashine mnavyo, tena vyenye picha za rangi. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa, kwa kuwa hayajawahi kumlaza mtu. Nitaandika ninayoyakumbuka, na msinilaumu kama mengine yatakuja kama ndoto, maana naandika alasiri, mlima umejifunika ukungu, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wangu hakuna zamu inayonisubiri.

Nilianza kazi katikati ya miaka ya themanini, binti mwembamba wa Kibosho mwenye sare iliyopwaya mabegani. Madukani mjini ndiyo kwanza sabuni ilikuwa inaanza kurudi, na sisi manesi wapya tulikuwa tukinusa mikono yetu kwa furaha kila tulipomaliza kunawa. Wodi niliyopangiwa ilikuwa ya Mama Aikaeli. Alikuwa mwuguzi mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya chini na viatu vya raba visivyosikika, kiasi kwamba ukimsema vibaya ulikuwa unageuka na kumkuta nyuma yako anakunja shuka. Asubuhi yangu ya kwanza hakunipa sindano wala bandeji. Alinionyesha kitanda kilichokuwa wazi karibu na dirisha.

"Lala," aliniambia.

"Mama, mimi siumwi."

"Nimekuuliza kama unaumwa? Vua viatu, lala."

Nikalala. Akanivika maski ya oksijeni, akavuta mkanda wake, kisha akaenda zake kugawa dawa. Mpira ulinuka kama ndara zilizosahaulika juani. Mkanda ulinikata nyuma ya sikio. Pua iliniwasha na sikuthubutu kuikuna. Kila aliyepita alinitazama kwa huruma, na mama mmoja mzee aliyekuja kumwona ndugu yake alisimama akaniombea kabisa. Mama Aikaeli aliporudi, wenzangu walikuwa wameshakunywa chai. Akaniuliza nimejifunza nini.

"Mkanda unauma nyuma ya sikio, Mama."

"Na nini tena?"

"Nilitaka kuivua."

"Basi mgonjwa akiivua usimgombeze. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Chochote utakachomvika mtu usoni, kivae wewe kwanza."

Nilimwona mkali asiye na sababu. Nilimwona hivyo kwa muda mrefu kidogo, mpaka nilipoanza kuona kwamba wagonjwa wake hawakuwa wakivua vitu ovyo kama wa wodi nyingine.

Alinifundisha pia kusoma nyuso kwa vidole. Alisema uso wa mtu aliyekaa na uso wa mtu huyo huyo akilala ni nyuso mbili: mashavu huanguka kuelekea masikioni, mdomo hulegea, taya hurudi nyuma, na wazee wasio na meno huingia mashimo mahali ambapo asubuhi palikuwa tambarare. Alikuwa akiwapapasa taratibu, kidole gumba kimoja juu ya mfupa wa pua, kingine pembeni ya shavu, huku akiwauliza habari za ng'ombe na migomba. Baadhi yao walidhani anawawekea mikono. Walifumba macho, na alipomaliza walisema amina. Naye hakuwahi kuwasahihisha.

Miaka ya tisini ilituletea mitumba ya kila kitu. Makoti, magari, vitanda vya hospitali vyenye magurudumu yanayovuta upande mmoja, na vifaa vyenye maelekezo ya lugha ambazo hata maprofesa wetu walizigeuza juu chini. Mama Aikaeli alistaafu katikati ya msukosuko huo, akarudi kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, kulima kahawa. Aliniachia mkasi wake mdogo wenye ncha butu na ile tabia ya kulala kwanza mimi mwenyewe. Mkasi bado ninao.

Muongo ule ulipokuwa unaishia, daktari wetu mmoja alirudi kutoka masomoni na mashine chache za kupuliza hewa. Alitukusanya mbele ya ubao akaeleza ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Mtu akilala, nyama za koo hulegea zikaziba njia. Anakoroma, anakata, panakuwa kimya, kisha anashtuka na kuvuta pumzi kama aliyeibuka mtoni. Haamki sawasawa, kwa hiyo asubuhi hajui lolote ila uchovu. Mashine humpulizia hewa puani kwa nguvu kidogo, na hewa hiyo hushikilia koo lisijifunge. Dawa yenyewe ni hewa tu, ile ile tunayoivuta bure, na kazi yote ya kuifikisha inaiangukia maski.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya chumba cha kufulia. Kwetu kukoroma hakukuwa ugonjwa. Baba alikoroma mpaka sufuria zikacheza rafuni, na mama alikuwa akituambia, "Laleni, baba yenu anafukuza fisi." Jumapili moja alijilaza baada ya misa na chakula, tukawa tunamsikia huku tunaosha vyombo, mpaka tukaacha kumsikia. Sijui kama ulikuwa ugonjwa huu. Hakuna atakayejua sasa. Lakini tangu siku ile ya ubaoni, kimya cha mtu aliyelala kimekuwa kikinitisha kuliko makelele yake, na nadhani ndiyo sababu daktari alipouliza nani atashika kazi ya maski, mkono wangu ulikuwa juu kabla sijaufikiria.

Nilipewa chumba cha mwisho wa korido, upande wa mlima. Watu hudhani kazi ya usingizi ni ya usiku. Yangu ilikuwa ya mchana, baada ya chakula, saa ambayo hata daktari mkuu huwa anasinzia akijifanya anasoma. Mapazia niliyashona kutoka kwenye shuka chakavu nikayatia rangi kwa majani ya chai, hivyo jua likipita pale chumba kizima kilikuwa rangi ya asali. Mashine ilivuma polepole. Mlima ulijitokeza dirishani, ukajificha, ukajitokeza tena bila kumuaga mtu. Wagonjwa walipoamka walinieleza ndoto zao bila kuulizwa, wengi kwa Kichagga, kwa kuwa ndoto haijui Kiswahili cha ofisini. Mmoja aliota anatembea juu ya maua ya kahawa na hayavunjiki. Niliajiriwa kupima hewa, nikawa mtunza ndoto, na hakuna aliyekuja kukagua.

Lakini kabla ya mgonjwa yeyote niliivaa mwenyewe, kama nilivyolelewa. Pumzi ya kwanza hutisha. Unafungua mdomo, hewa inatoka yote kwa mbele, unajiona mjinga. Ukifunga mdomo ukatulia, unahisi kana kwamba umesimama ukingoni mwa korongo na upepo wa mlimani unakuja usoni bila kukoma. Nilisinzia. Msafishaji alinikuta pale akakimbia kumwita daktari.

Sasa kuhusu kuvisha. Siku hizi mnasema barakoa, sisi tulisema maski, na vyovyote mnavyoiita, kosa ni lile lile: watu hukaza mikanda. Mtu wetu amezoea kufunga mzigo wa majani ya ng'ombe au kikapu cha ndizi, na kwake kitu kisichokazwa kitaanguka njiani. Ule mpira laini wa maski unataka kujaa hewa na kukaa wenyewe juu ya ngozi. Ukiukaza unajikunja, na palipojikunja ndipo hewa inapotorokea, naye anakaza zaidi, na asubuhi ana kidonda juu ya pua na hasira kwa hospitali nzima. Mwalimu mmoja wa hapa hapa Soweto alinisumbua wiki kadhaa kwa sababu alikuwa amesuka nywele na kuzifunga fundo kubwa kisogoni, mkanda ukawa unapanda juu ya fundo kila akigeuka. Tulibadilisha maski zote tulizokuwa nazo. Mwishowe nilimwambia dada, tatizo lako liko kwa msusi. Akasukwa upya, fundo likashuka shingoni, akalala.

Ndipo akaja Mzee Anaeli.

Alitoka Masama na mkewe, ambaye tulimwita Mama Ndeshi kwa jina la binti yao mkubwa. Mzee alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, mwenye masharubu meupe yaliyochanwa vizuri, na tangu ujana wake alikuwa msimamizi wa mfongo wa kijiji, yaani ule mfereji unaoleta maji kutoka korongoni hadi kwenye migomba ya kila mtu. Kazi yake ilikuwa kufungua maji kwa mwenye zamu, kuyafunga zamu ikiisha, na kuziba kila panapovuja. Siku hizo alikuwa ameanza kusinzia ukingoni mchana kweupe, jembe mkononi. Maji yalimpita yakaenda kuzoa maharage ya jirani. Akabeba jani la sale, kama desturi yetu inavyotaka kwa anayeomba radhi, akasamehewa. Yakatokea tena, akabeba sale tena. Kijijini walianza kunong'ona kwamba mzee wa kanisa amerudia mbege, pombe yetu ya ndizi.

Hayo ya mfongo aliyaeleza yeye. Mama Ndeshi alikuwa na lake.

"Shikamoo mama," nilimwambia.

"Marahaba mwanangu. Huyu akilala anakata pumzi. Mimi huwa namshika mguu. Akinyamaza namtikisa, anaanza tena. Nimemtikisa hivyo tangu Ndeshi hajaolewa, na sasa Ndeshi ana watoto wanasoma. Nikilala mimi, nani atamtikisa?"

"Anatia chumvi huyu," alisema Mzee.

"Natia chumvi? Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwa nimelala."

"Basi nyamaza."

Macho yake yalikuwa mekundu, na kope zimevimba. Nimeona wagonjwa wengi waliochoka, lakini sijaona mtu mzima aliyechoka kama yule mama, ambaye hakuwa mgonjwa. Daktari alimpima Mzee, akasema ugonjwa uko pale pale wazi, akampa mashine ya kuazima. Masharti aliyasema mbele yetu sote: mashine ni chache, wanaosubiri ni wengi, asiyeivaa atampisha mwenzake. Nilimvika Mzee maski ya ukubwa wa kati, ikakaa vizuri, nikamwonyesha kuosha mpira wake kwa sabuni kidogo kila asubuhi na asijipake mafuta puani kabla ya kulala. Akainamisha kichwa kama mtu anayepokea sakramenti.

Hazikupita wiki nyingi wakarudi. Mashine ilikuwa ndani ya kikapu, imefungwa kwa kitenge kama mtoto. Mama Ndeshi alikuwa amebeba mto mkubwa wa sufi kwapani, kwa sababu alidhani tutamlaza mumewe wodini, na pale stendi watu walikuwa wamemuuliza kama anahama.

"Chukueni kitu chenu," Mzee aliniambia. "Kinaninyonga. Nalala kidogo, naamka kichwa kinaniuma kama aliyetoka kwenye mbege ya arusi, nami mbege nimeiacha. Jasho. Moyo unapiga. Heri nife na koo langu."

Daktari alimpima tena, hakukuta kitu kingine kipya. Aliponivuta pembeni hakuwa na ukali wowote, alikuwa mtu mwema tu mwenye mashine chache. Alisema kama hawezi, hawezi. Kesho yake angekuja dereva mmoja anayeihitaji sana. Niligeuka kuwatazama pale kwenye benchi la korido. Mzee alikuwa ameshasinzia, kidevu kifuani. Mama Ndeshi alikuwa ameweka mkono juu ya paja lake. Pumzi ilipokata alimtikisa, bila hata kumtazama, huku macho yake yako kwenye mlango wa daktari. Nikamwomba daktari aniachie alasiri ile tu.

Nikachukua maski kikapuni, nikaifuta, nikaenda nayo chumbani, nikalala nikaivaa. Mwanzoni niliona iko sawa. Kisha pumzi niliyoitoa ikanirudia puani, ya moto, na iliyofuata ikawa ya moto zaidi, na kichwa kikaanza kujaa. Nikaivua haraka. Mnajua kwamba mbele ya maski pana matundu madogo ya makusudi, ambayo hewa uliyokwisha kuitumia hutokea. Niliipeleka dirishani. Kila tundu lilikuwa limezibwa kwa nta ya nyuki, kazi safi sana, imesawazishwa kwa kidole na kung'arishwa. Fundi yeyote angeionea fahari.

Nikawaita ndani.

"Baba, hii nta ni ya nani?"

"Ni yangu," alisema bila wasiwasi. "Ya mzinga wangu mwenyewe. Kifaa kilikuwa kinavuja, mwanangu. Kinapuliza mbele, fuuu, mama yenu analalamika upepo shingoni. Nikatafuta panapovuja, nikapaziba. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na kwa heshima sikufanya lolote. Nilivuta kiti nikakaa karibu naye.

"Baba, mfongo wenu, mvua kubwa zikinyesha huko juu na maji yakija mengi, mnafanyaje?"

"Tunafungua pale pa kumwagia, yaende korongoni."

"Kwa nini msipazibe pia? Maji si mali?"

Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto wa mjini. "Ukipaziba, maji yanarudi nyuma. Yanajaa, yanabomoa ukingo. Unapoteza mfongo wote."

Nilimrudishia maski mkononi, upande wa nta juu. Aliitazama muda mrefu. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye miti ya hospitali, na Mama Ndeshi alikuwa akijifuta uso kwa ncha ya kanga. Kisha masharubu ya Mzee yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka machozi, akagonga goti lake, akamwambia mkewe kwa Kichagga maneno ambayo nitayafupisha: kwamba amejifungia pa kumwagia mwenyewe, na athubutu mtu kulisema hili kijijini.

"Nitalisema kanisani," alisema Mama Ndeshi.

Nta tuliitoa kwa maji ya uvuguvugu na mswaki laini. Lakini msidhani kazi iliishia hapo, kwa sababu Mzee hakuwa mwongo: pamoja na yale matundu, maski ilikuwa inavuja kweli, juu ya pua, na hewa ilimwingia machoni. Nilikuwa nimemvika akiwa amekaa wima kama yuko studio ya picha. Nikamwambia mama alete ule mto wa sufi. Nikamlaza Mzee juu ya mto wake mwenyewe, kwa ubavu wa kulia anavyolala kwake, nikampapasa usoni huku nikimuuliza habari za ng'ombe. Shavu lilikuwa limeingia shimo pale meno ya juu yalipokosekana. Maski ya kati ikawa haifai. Nikachukua ile pana.

Hivi ndivyo nilivyofanya, na ndivyo mfanye. Nililegeza mikanda yote. Nikawasha hewa ya chini kabisa, nikaishika maski puani pake kwa mkono bila kuifunga, mpaka yeye mwenyewe alipoacha kukunja uso. Nikafunga mikanda ya chini kidogo kidogo, huku na huku, kisha ya juu. Nikaivuta maski mbele kidogo ili mpira ujae hewa, nikairudisha taratibu. Vidole vyangu viwili vilipita chini ya mkanda bila taabu. Palibaki mlio mdogo chini ya pua, wa masharubu. Mzee alikataa katakata kunyolewa. Tulijadiliana, na ikakubalika kwamba ukingo tu utapunguzwa, na mkewe ndiye atakayeupunguza. Nikampa ule mkasi wa Mama Aikaeli. Alipunguza kwa uangalifu mkubwa, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, na ule mlio ukanyamaza.

Alilala. Nilipandisha hewa kidogo kidogo. Mashine ilivuma, ukungu ukapanda tena, mapazia yakawa rangi ya asali, na kifua cha yule mzee kikapanda na kushuka, kikapanda na kushuka, bila kusimama. Mama Ndeshi alikuwa amekaa miguuni ameshika kisigino cha mumewe kwa mikono miwili. Alisubiri pumzi ikate. Niliona jinsi mabega yake yalivyojiandaa kila mara. Haikukata, naye hakuachia.

Mzee alipoamka alisema alikuwa kwenye mfongo, mvua za kwanza, na baba yake marehemu alikuwa juu zaidi mlimani na jembe begani, anafungua maji na kumwita kwa jina la utotoni. Maji yalikuwa yanakuja yamebeba maua. "Sijaota tangu sijui lini," alisema. "Nilidhani uzeeni ndoto huisha."

Daktari alimtafutia yule dereva mashine nyingine baada ya muda, kwa hiyo msihuzunike naye. Mzee aliondoka na ya kwake kikapuni, na nikamwagiza aivae mchana pia akiwa macho, akisikiliza redio, ili uso uizoee kama mguu unavyozoea kiatu kipya. Nikamwambia umeme ukikatika aivue. Mama Ndeshi alisema hilo aachiwe yeye, ataamka. Nikamuuliza ataamshwa na nini. Akasema ataamshwa na kimya cha mashine.

Baada ya masika nilipanda Masama kuwatembelea. Kahawa ilikuwa na matunda mabichi, njia zinateleza, na mfongo ulikuwa umejaa hadi ukingoni, unapita nyuma ya nyumba yao kwa sauti ile ile ya mashine yangu, mpaka nikasimama pale nikahisi usingizi nikiwa wima. Mzee alikuwa amerudia kazi yake. Uso ulikuwa umetakata. Alinipeleka kunionyesha maharage ya jirani kana kwamba ndiye aliyeyapanda. Lakini Mama Ndeshi alikuwa vile vile, macho mekundu, kope zimevimba. Aliniandalia mtori wa ndizi akakaa karibu nami.

"Hakati tena?" nilimuuliza.

"Hakati."

"Na wewe unalala?"

Alikoroga mtori wake. "Mkono hautaki," alisema. "Nauambia uachie, hautaki. Naogopa siku nitakayouachia ndiyo siku yenyewe."

Sikuwa na maski ya ugonjwa huo. Niliumia, kwa sababu namjua binti aliyeacha kumsikiliza baba yake kidogo tu, akiosha vyombo, na nini kilifuata. Nikaendelea kula.

Baada ya chakula Mzee alitaka kunionyesha anavyoivaa bila msaada. Alijilaza chumbani kwa ubavu wake wa kulia, juu ya mto wa sufi, akaivaa kwa mpangilio niliomfundisha, mikanda ya chini kwanza, akaivuta mbele akairudisha, akaniinulia kidole gumba. Mama Ndeshi alikaa kwenye kiti miguuni pa kitanda na kumshika kisigino, nami nikakaa mlangoni. Alianza kunisimulia habari za Ndeshi huko Arusha, jinsi mkwe wake alivyofungua duka la vipuri, na kwamba sasa wananunua, wananunua nini vile. Maneno yakawa yanakuja mbali mbali. Mashine ilivuma, mfongo ulipita nje, na mimi sikuweza tena kutofautisha sauti hizo mbili. Wakasema watakuja Krismasi, alisema, na gari la... Kichwa chake kikainama. Mkono ukateleza kutoka kwenye kisigino, ukaanguka juu ya shuka, kiganja wazi.

Nilisubiri ashtuke. Hakushtuka. Akaanza kukoroma, kidogo tu, kukoroma kuzuri kusikokatika.

Mzee akafungua jicho moja. Alimtazama mkewe, akautazama ule mkono, akanitazama mimi, akaweka kidole juu ya maski kunionya nisiseme. Kisha akausogeza mguu wake, polepole sana, mbali na mkono wa mkewe, usije ukamgusa akaamka.

Bandani ng'ombe akaanza kulia akidai majani yake. Nikavua viatu, nikatoka kwa kupitia jikoni, nikaenda kumpa.